Diski Iliyokwama na Sitara ya Nyumba

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu zangu, na khususan mama zetu na dada zetu mnaousoma ukurasa huu kila wiki.

Siku chache zilizopita, baada ya swala ya alasiri, alikuja mlangoni pa madrasa mama mmoja wa makamo, amefuatana na mwanawe wa kiume wa miaka kumi hivi. Alitoa salamu, akasimama kando kwa haya, kisha akasema: "Maalim, nina suala, lakini sijui kama ni suala la dini au la fundi." Nikamwambia aseme, kwani masuala mengi ya watu yana pande zote mbili.

Kisa chake ni hiki. Nyumbani mwake mna kompyuta kubwa ya mezani, ya zamani kidogo, wanayoitumia watoto kwa masomo. Usiku uliotangulia aliingiza ndani yake DVD ya arusi ya bintiye mkubwa. Si ile ya ukumbi wa wanaume, bali ile ya kupamba, ambayo ilikuwa ya wanawake watupu, wamevaa walivyovaa wanawake wakiwa peke yao. Katika diski hiyo mna pia sauti ya mama yake mzazi, aliyefariki mwaka uliofuata, akimuombea dua mjukuu wake. Hakuna nakala nyingine. Diski ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Alipobonyeza kitufe, trei haikutoka. Jirani akamshauri aipeleke kompyuta kwa kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Yeye akaogopa. "Nikiipeleka na diski i ndani, Maalim, si nitakuwa nimewafedhehesha watoto wa watu? Na nikiiacha, sauti ya mamangu itapotea?"

Nilimwambia kwamba khofu yake ni ya mtu mwenye imani, na kwamba mambo yote mawili huenda yakapatikana: sitara ikahifadhika na sauti ikaokolewa. Kwa kuwa najua nyumba nyingi zina diski kama hiyo kabatini, nimeona nilieleze jambo hili hapa kwa utaratibu, ili lisaidie wengi.

Kwanza, tusihukumu kwa upande mmoja

Sehemu inayomeza diski mafundi huiita draivu. Inapokataa kufanya kazi, watu wengi husema papo hapo, "Draivu imekufa." Hiyo ni hukumu iliyotolewa kabla ya kusikiliza mashahidi. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Adabu hiyo ni ya watu, lakini inafaa hata kwa vyombo, kwa sababu wengi wamenunua kitu kipya hali ya kuwa kile cha zamani hakikuwa na kosa.

Washukiwa ni wanne: diski yenyewe, draivu, nyaya zinazoiunga na kompyuta, na programu zinazoiongoza. Kazi ya mwenye kutafuta ni kumpima mmoja baada ya mwingine, na kubadilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha matatu kwa pamoja na chombo kikafanya kazi, hutajua ni lipi lililotibu, na kosa likirudi utakuwa palepale ulipoanzia.

Kuitoa diski iliyokwama

Nilikwenda nyumbani kwa mama yule siku ya pili, nikiwa na mke wangu. Jambo la kwanza lilikuwa kuitoa diski, na hili kila mwenye nyumba anaweza kulifanya.

Zima kompyuta kabisa na uchomoe waya wake wa stimu ukutani. Kisha utazame uso wa draivu, chini ya mlango wa trei. Karibu draivu zote zina kitundu kidogo, kama tundu la sindano ya kushonea magunia. Watu hudhani ni pambo au ni mahali pa kusikilizia sauti, nacho kimewekwa kwa dharura kama hii. Chukua klipu ya karatasi, uinyooshe, uiingize kitunduni kwa usawa, usiielekeze juu wala chini. Utahisi kitu kinakataa, kisukume polepole. Trei itajitokeza kiasi cha ncha ya kidole, nawe uivute taratibu kwa mkono mpaka diski ionekane. Usifanye hivi kompyuta ikiwa imewashwa, kwani diski huenda ikawa inazunguka kwa kasi ndani.

Trei ilitoka. Mke wangu aliichukua diski, akaitia katika bahasha, akamkabidhi mwenyewe mkononi. Nilimuona mama yule akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nusu ya suala lake ilikuwa imekwisha, na hatukuwa tumetengeneza chochote.

Kumpima mshukiwa wa kwanza: diski

Diski ya DVD ni kitu chembamba, unene wake ni milimita 1.2, na ndani yake zimebanwa tabaka mbili za plastiki, maandishi yakiwa katikati. CD ya kawaida ina unene uleule, lakini maandishi yake yako juu kabisa, chini ya karatasi au rangi ya jina tu. Kwa hiyo CD hudhurika zaidi ikikwaruzwa upande wa jina kuliko upande unaong'aa. Wengi hatulijui hili, tukailaza CD kwa uso wake wa jina juu ya meza yenye mchanga, tukidhani tunaihifadhi.

Itazame diski kwenye mwangaza. Ikiwa na alama za vidole au vumbi, ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, uikaushe kwa kitambaa laini cha pamba kilichokwisha fuliwa mara nyingi. Leso mpya yenye wanga bado haifai. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Sababu yake ni kwamba maandishi ya diski yamepangwa kwa mzunguko. Mkwaruzo unaokata njia hupoteza kidogo hapa na kidogo pale, na draivu ina hesabu za kujazia mapengo madogo. Mkwaruzo unaofuata njia hupoteza kipande kirefu cha mahali pamoja, na hapo hesabu hushindwa.

Kisha weka diski nyingine unayojua kuwa ni nzima. Ikisomeka, draivu haina kosa na maradhi yako kwenye diski ya mwanzo. Isiposomeka, tazama jambo moja zaidi: je, ni DVD pekee zinazokataa, au na CD pia? Draivu ya DVD hutumia miale miwili ya leza, mmoja wa CD na mwingine wa DVD. Mmoja unaweza kudhoofika na mwingine ukabaki hai. Kwa hiyo anayesema "draivu nzima, mbona inapiga kaswida za CD," hajathibitisha kitu kuhusu DVD.

Nyumbani kwa mama yule tuliweka CD ya kaswida, ikalia vizuri. Tukaweka DVD ya masomo ya watoto, ikazunguka, ikakoroma, ikanyamaza. Hapo tukajua diski ya arusi haikuwa na kosa, au angalau haikuwa mshukiwa mkuu.

Mshukiwa wa pili: draivu

Sisi watu wa pwani tuna maadui wawili wa vyombo vya umeme: vumbi na hewa ya chumvi. Ndani ya draivu mna lenzi ndogo kama punje ya dengu, na mwanga wa leza hupita humo. Ikishika ukungu wa vumbi na mafuta ya jikoni, haioni. Kwenye kompyuta ya mapajani lenzi huonekana wazi trei inapotoka. Zima kompyuta, ipulize kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, kwani mate yataongeza uchafu. Kisha ipanguse kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo alkoholi safi ya isopropili, kwa wepesi kama mtu anayempangusa mtoto mchanga jicho. Nimeulizwa kuhusu alkoholi hiyo: hii ni dawa ya kusafishia isiyonyweka, na wanazuoni wengi wa zama zetu hawaoni tatizo kuitumia kwa kazi kama hii, mwenye kupenda kujiepusha atosheke na kipulizio. Kwenye draivu ya mezani lenzi imejificha ndani, na kuifikia kunahitaji kuifungua draivu, kazi ambayo ni bora kumuachia fundi. Wala mtu asiichungulie lenzi draivu ikiwa imefunguliwa na ina stimu. Mwanga wa leza huharibu macho, na ule wa CD hauonekani vizuri kwa jicho, kwa hiyo mtu huenda asijue kwamba anadhurika.

Kama trei ndiyo haitoki ilhali unasikia mota ikinguruma, mara nyingi kosa ni la mkanda mdogo wa mpira unaoivuta trei. Mpira huu hulegea au hupata utelezi kwa umri na joto. Draivu kama hiyo inaweza kusoma vizuri ikishafunguliwa kwa klipu. Kilichochoka ni mlango tu.

Mshukiwa wa tatu: nyaya

Iwapo draivu haina taa, haina sauti, wala haifunguki kabisa, fikiria nyaya. Chomoa stimu, gusa chuma cha sanduku la kompyuta ili umeme wa mwilini utoke, kisha ufungue ubavu wa sanduku. Nyuma ya draivu mna waya mpana wa umeme na mwembamba wa habari. Vichomoe na uvirudishe kwa uthabiti. Hewa yetu hutia kutu kwenye meno ya nyaya, na kule kuchomoa na kuchomeka peke yake huikwangua kutu hiyo. Nimeona kompyuta iliyohukumiwa kufa ikifufuka, kwa idhini ya Allah, kwa jambo hili tu.

Mshukiwa wa nne: programu

Kuna hali ambayo draivu ina taa na trei yatoka, lakini kompyuta inasema haina draivu. Kwenye Windows, fungua ukurasa uitwao Device Manager na utafute sehemu ya draivu za diski. Ukiona pembetatu ya manjano yenye alama ya mshangao, kompyuta imeiona draivu lakini wamekosana lugha. Bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Uninstall, kisha uzime kompyuta na kuiwasha. Windows itaitambua upya na kuipa programu yake yenyewe. Usiogope neno hilo. Halifuti picha wala barua zako.

Hilo lisipotibu, huenda programu ya zamani ya kunakili diski iliacha mabaki yanayozuia njia. Mabaki hayo mafundi huyajua kwa majina UpperFilters na LowerFilters, na hukaa katika daftari kuu la Windows. Kuyaondoa ni kazi ya dakika chache kwa anayejua, lakini kukosea ndani ya daftari hilo kunaweza kuilaza kompyuta nzima. Mtajie fundi majina hayo, kisha muachie.

Liko na jambo moja linalowapotosha wengi. Kuanzia Windows 8, kompyuta haiji na uwezo wake wenyewe wa kuchezesha filamu za DVD. Mtu ananunua kompyuta mpya, anaingiza diski, haioni picha, anasema draivu mbovu. Fungua diski kama unavyofungua folda. Ukiyaona mafaili, draivu inasoma. Unachokosa ni programu ya kuchezesha, na VLC hupatikana bure. Na wale wanaoletewa filamu na jamaa walioko Ghuba wajue kwamba DVD za biashara hugawiwa kwa kanda. Nchi za Ghuba ziko kanda ya 2, Kenya iko kanda ya 5. Draivu huruhusu kubadilishwa kanda mara 5 tu, kisha hufungika milele kwenye kanda ya mwisho. Diski za arusi na za darsa zinazotengenezwa na watu wa kawaida kwa desturi hazina kufuli hilo.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Sitaki mtu afahamu kwamba nawatuhumu mafundi. Wengi wao ni vijana waaminifu wanaotafuta riziki ya halali. Lakini mwenye kuweka amana naye ana wajibu, na kumuondolea ndugu yako mtihani ni sehemu ya kumtakia kheri.

Kwanza, isiende diski ya familia ndani ya draivu. Pili, kumbukeni kwamba picha za nyumba hazikai kwenye diski za arusi pekee, zimo pia ndani ya haddiski ya kompyuta. Kuzifuta usiku wa kabla hakutoshi, kwani kilichofutwa mara nyingi huweza kurudishwa na anayejua. Lililo bora ni kutoa draivu peke yake, ambayo kwenye kompyuta ya mezani hushikwa kwa skrubu chache, na kupeleka hiyo tu. Kama ni lazima kompyuta yote iende, mwambie mwanao au nduguyo aitoe haddiski ibaki nyumbani. Fundi anaweza kuijaribu draivu kwa haddiski yake. Na kama hilo nalo ni zito, basi mahram mmoja aketi na fundi mpaka kazi iishe.

Tatu, diski iliyoharibika isitupwe nzima jalalani. Isiyosomeka kwenye draivu yako huenda ikasomeka kwenye draivu nyingine. Ifunike kwa kitambaa kizito ili vipande visiruke machoni, uivunje, ndipo uitupe.

Kosa langu mwenyewe

Mama yule hakuhitaji fundi. Leza ya DVD ilikuwa imechoka, na bei ya kuitengeneza haingekuwa na maana. Binti yake aliazima kwa shoga yake draivu ya nje, ile inayochomekwa kwa waya wa USB. Ilipochomekwa tundu la mbele ilizimika-zimika kwa uchache wa umeme. Ilipochomekwa tundu la nyuma ikatulia. Mimi nilitoka, nikaketi barazani na yule mtoto wa kiume, tukasomeshana juzuu yake. Mke wangu na wenyewe wakabaki ndani na skrini yao.

Haikupita muda nikasikia kimya, kisha kilio, kisha kicheko. Nikajua sauti ya bibi imepatikana.

Mke wangu aliniambia njiani kwamba nakala ilikwama karibu na mwisho, wageni wakiwa wanaagana. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingo ndio hushikwashikwa na vidole na ndio huanza kuchakaa. Dakika hizo chache hazikupatikana. Dua ilikuwa mwanzoni, nayo ilihifadhika.

Nawaambieni haya nikiwa si mwenye kujisifu. Nilikuwa na diski saba za darsa za mwalimu wangu, Allah amrehemu, zilizorekodiwa msikitini alipokuwa akitusomesha tafsiri. Nilizipanga dirishani kwa miaka, zikipigwa na jua la asubuhi, nikijiambia nitazinakili Ramadhani ikiisha. Diski zinazoandikwa nyumbani huandikwa juu ya rangi maalumu, na rangi hiyo hufifia kwa jua, joto na unyevu. Siku nilipozitafuta, tano hazikusoma kwenye draivu yoyote. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuziona diski.

Sote twakijua kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake. Kufunga ngamia katika jambo letu ni nakala mbili, katika vyombo viwili, nyumba mbili tofauti. Moja ikae kwenye flashi au haddiski ya nje katika kabati lako lenye kufuli, nyingine kwa dada au mama unayemuamini. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, na flashi ndogo inayouzwa siku hizi hubeba kadhaa za namna hiyo. Kazi yenyewe ni ya jioni moja.

Basi Ijumaa hii, baada ya chakula, funguweni kabati. Toeni diski za arusi, za maulidi, za sauti za wazee waliotangulia. Zijaribuni moja moja maadamu draivu bado inasoma, kwa kuwa draivu haziwekwi tena katika kompyuta nyingi mpya. Na mtakapoisikia sauti ya aliyeondoka, msiishie kulia. Muombeeni maghfira, kwani hilo ndilo analolihitaji huko aliko.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.